Chupa Isiyo na Siki

12 Januari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, maana najua ungekuwa karibu ungeniamkia kabla sijafungua mlango vizuri. Mimi sijambo. Sikio la kushoto tu ndilo limeamua kustaafu kabla yangu, ndiyo maana simu siipendi: mtu anaongea, mimi nasikia nyuki. Barua haina "sema tena".

Baba yako hajambo. Shule moja imemletea mabegi arobaini, yote zipu zimekufa, na tangu Jumatatu sebuleni hakuna pa kukanyaga. Nimekalia meno ya zipu mara mbili. Nikipiga kelele anacheka. Tarehe tano alitimiza miaka saba hajagusa pombe. Hakusema neno, ila alinyoa ndevu, akavaa shati la kutokea, akakaa kwenye cherehani kama bwana harusi. Nami nikajifanya sioni, maana mdogo wangu ukimsifu huona haya.

Sasa nina swali. Biringanya zangu za chupa unazijua, ndizo zilizofanya jengo zima waniite Bi Chupa. Baba yako tumbo linamsumbua, na daktari kamwambia apunguze vitu vichachu. Nataka kumtengenezea chupa zake peke yake, biringanya na vitunguu saumu, mafuta matupu, bila siki. Zitakaa? Wewe ndiye unayeshinda na hivyo vidudu maabara. Kuuliza si ujinga, ingawa miaka thelathini na moja ninajaza chupa na sijawahi kumuuliza mtu.

Shangazi yako


2 Februari

Shikamoo Shangazi,

Pole kwa sikio, na umpe pole Baba kwa mabegi. Kwa hiyo miaka saba, usimwambie nimeisikia, ila siku ukimwona ana furaha mwambie tu mwanao anakuonea fahari.

Mimi mzima. Hadubini yetu kubwa ilikufa wiki mbili, imefufuka juzi, na sasa tunaigombania kama bomba la maji siku ya mgao. Zamu yangu inaanza baada ya dakika tano, nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya friji.

Kuhusu chupa: siki si lazima. La muhimu mafuta yafunike kila kitu, na kifuniko ukikaze hewa isiingie. Vinavyoozesha chakula vinahitaji hewa. Weka kabatini, hakuna shida.

Barua ndefu nakuahidi mwezi ujao.

Mwanao, Chiriku


9 Machi

Mwanangu,

Salamu zitakuja. Kwanza keti. Baba yako yu hai. Nimeanza na hilo ili usiisome barua hii kwa kurukaruka.

Jumamosi alikula chakula cha mchana vizuri, akarudi kwenye cherehani. Jumapili mchana alishuka kumsabahi fundi viatu wa pale chini. Aliporudi alikuwa anapanda ngazi kwa kushika ukuta. Kope zimeanguka. Akaniambia anaona milango miwili, na ulimi wake ulikuwa mzito, maneno yanaburutika. Nikamwambia akalale.

Alipozidiwa tukamkimbiza hospitali. Shingo haishiki kichwa, mate hayamezeki, anapumua juujuu kama mtoto aliyelia sana. Fundi viatu na vijana wawili walimshusha ngazi zote wamembeba kwenye kiti. Daktari wa kwanza aliinama akamnusa mdomo. Wa pili, mama mmoja mfupi, alimfunua kope kwa vidole vyake, akanigeukia: "Juzi alikula nini?" Zile biringanya mimi sikula, kitunguu saumu nilikiacha zamani.

Wamemtia bomba kooni, mashine inampumulia. Dawa ililetwa kwa ndege Jumatano. Wanasema ni sumu ya chakula. Watu wa afya wamekuja kuchukua chupa zangu zote, hata zilizo tupu.

Nilikupigia kwa simu ya daktari, ikaita mpaka ikakatika. Nieleze wewe, maana yeye ana haraka, na anaongea upande wa sikio bovu. Sumu gani inamlaza mtu mzima kama nguo iliyoanguka kwenye kamba, na macho hayafunguki, na mkono haukunjiki, lakini moyo unapiga?

Jirani zetu wanakusalimu. Nadhani wanakusalimu. Siku hizi hatusemi sana.

Shangazi yako


27 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nimeipata barua yako juzi. Simu yako ilinipitia nikiwa kwenye chumba cha giza cha hadubini, simu tunaziacha nje. Nimeshaongea na yule daktari mfupi, na nitakuwa nampigia kila siku mbili. Kuja bado sijapewa ruhusa, kuna kazi haiwezi kuachwa katikati.

Umeuliza sumu gani. Nitajitahidi nieleze polepole.

Mwili umejengwa kwa seli, na kila seli imefunikwa na utando mwembamba wa mafuta. Ndani yake kuna vifuko vidogo mno, navyo vina utando wa aina hiyohiyo. Kwenye ncha ya mshipa wa fahamu, pale unapogusana na msuli, vifuko hivyo vimejaa dawa ambayo ndiyo ujumbe: msuli, jikunje. Ili ujumbe utoke, utando wa kifuko lazima uungane na utando wa ukuta wa seli, ziwe kitu kimoja, tundu lifunguke nje. Lakini tando mbili haziungani hivihivi. Ukizisogeza zinasukumana, maji yapo katikati yake.

Zinazoziunganisha ni protini. Moja imechomoza kwenye kifuko, nyingine kwenye ukuta, kama nyuzi. Zikikutana zinasokotana kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, Baba angesema zinafungana kama zipu, na kadiri zinavyofungana ndivyo zinavyovuta kifuko mpaka kinabanwa ukutani na tando zinayeyukiana. Yote hayo huchukua muda mdogo kuliko kupepesa jicho. Hiyo ndiyo kazi yangu miaka mitano, kutazama vifuko vikiungana.

Sumu hii ni mkasi. Inaingia kwenye ncha ya mshipa na kukata uzi mmoja tu. Basi. Vifuko vipo, vimejaa, vimejipanga ukutani, na hakuna kinachotoka. Ubongo unaagiza mkono uinuke, mkono haupati habari. Hata kupumua ni msuli.

Kwa hiyo Baba hakuzimia, Shangazi. Akili yake haijaguswa, na masikio yake hayajaguswa. Tangu dalili ya kwanza mpaka leo anasikia kila kitu. Mzungumzishe.

Dawa iliyokuja kwa ndege hukamata sumu ambayo bado inazunguka kwenye damu. Ile iliyokwisha kuingia haitoki. Inabidi mishipa ichipue vijitawi vipya, na hilo ni jambo la miezi. Ndiyo maana saa za mwanzo ni kila kitu. Namshukuru Mungu mlimkimbiza mapema.

Mwanao


18 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo kwa kiasi chetu. Baba yako ameanza kusogeza kidole cha shahada na kupepesa macho: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Bomba wamelihamishia shingoni. Mabegi ya shule nimeyarudisha, kumi na tisa yalikuwa bado.

Ahsante kwa somo, nimelisoma mara tatu. Ile sehemu ya masikio nimeisoma zaidi. Umesema nimzungumzishe. Mimi nakwenda, nakaa, namkanda miguu, narudi. Maneno hayanitoki.

Afisa wa afya alikuja, msichana mpole, na daftari lake. Akaniuliza natengenezaje. Nikamweleza. Akauliza, "Na siki, Mama?" Nikasema hizi hazikuwa na siki. "Nani alikuambia uiache?" Nikamjibu hakuna, ni kichwa changu mwenyewe. Akaandika.

Watu wa jengo wamenirudishia chupa zao. Hawagongi. Nafungua mlango asubuhi nazikuta zimepangwa sakafuni, nyingine nilizitoa zawadi mwaka juzi. Juzi zilikuwa kumi na moja. Nazibeba ndani moja moja zisigongane, mtu asije akasikia akafungua mlango tukaonana.

Hukusema kama umepata ruhusa.

Shangazi yako


30 Juni

Shikamoo Shangazi,

Daktari ameniambia Baba amerudi nyumbani, anatembea na fimbo, anakula uji. Nimelia mbele ya friji. Najua nimenyamaza miezi miwili na zaidi, na kwamba barua yako ilikuwa na swali chini yake ambalo hukuliuliza. Nilianza kujibu mara sita.

Ruhusa nilikuwa nayo tangu Machi. Nilipewa siku ileile niliyoomba.

Shangazi, ni mimi niliyekuambia uache siki. Unajua, ninajua, na barua yangu bila shaka unayo. Nilisubiri uniambie, ukasema "kichwa changu mwenyewe", nami nikashusha pumzi. Hicho ndicho kinachonikosesha raha kuliko hata kosa lenyewe: niliposoma umejibebesha mzigo wangu mbele ya serikali, kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu.

Sasa nikueleze nilichokuficha. Vidudu vingi vinavyoozesha vinataka hewa, ndiyo. Kidudu kinachotengeneza sumu hii ni kinyume chake. Hewa inakiudhi. Kinastawi mahali palipozibwa, ndani ya mafuta, chini ya kifuniko kilichokazwa, kama nilivyokuagiza. Kitu kinachokizuia ni uchachu. Siki yako ndiyo ilikuwa mlinzi wa zile chupa miaka thelathini na moja, na hukuwahi kukosea hata siku moja. Nilikosea mimi, kwa dakika mbili, kwa kuwa nilitaka kuwahi hadubini.

Na si kwamba sikujua. Sumu hiyohiyo tunayo hapa. Ipo kwenye kichupa kidogo kama ncha ya kidole, tunaitumia kukata nyuzi makusudi ili tuone vifuko vitafanya nini visipoungana. Ipo kwenye friji ileile niliyoweka karatasi yako juu yake.

Wenzangu waliniuliza baba anaumwa nini. Nilisema kiharusi. Ningesema kweli wangeuliza aliipataje, na hapa kila mtu angeelewa jibu kabla sijamaliza. Na wewe nilikuandikia kurasa za protini ili nisiandike mstari mmoja.

Nimemwandikia afisa wa afya pia, nikaitia posta kabla ya hii ili nisipate nafasi ya kughairi. Msomee Baba barua hii. Kama hataki niandike tena, nitaelewa.

Mimi


24 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Kwanza habari: baba yako anakula wali sasa, polepole. Kope ya kulia imekataa kupanda mpaka mwisho, kwa hiyo anaonekana kama mtu anayekukonyeza wakati wote. Ulimi bado mzito, hasa jioni akichoka. Amebadilisha zipu moja. Ilimchukua siku nzima, na aliikagua kama yai.

Yule msichana wa afya alikuja na barua yako mkononi. Akasimama pale mlangoni, akaniambia, "Mama, mbona ulinidanganya? Watu wangapi wanaweka vitu kwenye mafuta hivyohivyo? Ningejua ushauri umetoka wapi, ningejua na mengine ya kuwaonya." Nikasema nilikuwa namwonea huruma mtoto.

Na hilo nalo lilikuwa uongo. Usije ukanipenda kwa kitu ambacho sikufanya, Chiriku. Sikukukinga wewe. Nilikuwa naona aibu kwamba Bi Chupa mzima, jengo zima linapanga foleni kwake, alimuuliza mtoto wa juzi namna ya kufunga chupa, tena akamsikiliza. Niliona bora niitwe mzembe kuliko kuitwa asiyejua. Afisa kaondoka na ukweli nusu, mimi nikabaki na kichwa juu. Kesho yake nilimfuata ofisini kwake nikamwambia yote. Aliandika tena, na safari hii hakunitazama usoni.

Jioni hiyo nilimsomea baba yako barua yako. Yote, bila kuruka. Alikuwa kwenye kiti chake cha cherehani. Nilipofika pale unaposema dakika mbili alinyanyua kidole, nikarudia. Akafumba macho. Nilidhani amechoka. Kisha akanigeukia na lile jicho lake linalokonyeza.

"Na wewe dada," akasema, "huna barua ya kunisomea?"

Nikajua anataka nini. Wewe hujui, kwa sababu sikukuandikia. Niliandika "nikamwambia akalale". Ulipomshukuru Mungu kwamba tulimkimbiza mapema, nilikunja karatasi nikaitia chini ya godoro.

Siku ile alipopanda ngazi anapepesuka, sikumwambia akalale. Nilitoka mlangoni nikampigia kelele. Nilisema, "Miaka saba umeitupa! Huna haya!" Ngazi za jengo letu unazijua, ukipiga chafya juu wanakuitikia wa chini. Watu walifungua milango. Yeye akawa anajaribu kuniambia kitu, na kadiri alivyojaribu ndivyo maneno yalivyoburutika, na mimi kila neno lilinizidishia hasira. Fundi viatu alikuwa amempandisha, kamshika mkono. Akasema, "Bi Chupa, mtu huyu anaumwa, nikatafute gari." Nikamwambia, "Ni pombe. Mwache alale." Alilala hivyo tangu Jumapili mchana mpaka Jumatatu asubuhi, chumba cha pili, na sikwenda kumwangalia. Nilikuwa nimenuna.

Hayo ndiyo niliyomweleza baba yako, nikiwa natazama miguu yangu. Nilipomaliza akasema, "Najua. Nilikuwepo."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma zaidi. Halafu akasema la chupa halimuumi, chupa ni bahati mbaya ya watu wawili waliomjali tumbo lake. Linalomuuma ni ngazi. "Kila nikimpita mtu kwenye ngazi," akasema, "naona ananinusa."

Nikamwambia, kesho nitapita mlango kwa mlango niwaambie. Akacheka kidogo. "Utawaambia nini? Watasema dada anamfichia mdogo wake. Tutakwenda wote, na tutakwenda jioni ulimi ukiwa mzito. Waache wanisikie."

Basi tulikwenda. Ghorofa nne, milango kumi na miwili. Kila mlango nilisema maneno yaleyale: "Siku ile mdogo wangu hakuwa amelewa. Nilimsingizia mbele yenu. Alikuwa anaumwa, na chakula kilichomuua nusu nilimpa mimi." Mlango wa kwanza nilianza mara mbili, baba yako akanisubiri. Wengi walisema yameisha, yameisha, karibuni ndani. Mama mmoja alianza kulia kwa sababu ya zile chupa alizorudisha. Mzee wa ghorofa ya pili alisema yeye alijua tangu mwanzo, na huyo ndiye aliyeangua kicheko siku ile, lakini nilinyamaza, ilikuwa zamu yangu ya kunyamaza. Kila mlango baba yako alisema, "Jioni njema," kwa ule ulimi wake, na wakamsikia, na hakunuka kitu.

Wa mwisho alikuwa fundi viatu, chini. Alikuwa anagonga soli. Nikasema maneno yangu. Hakusema yameisha. Aliendelea kugonga misumari mitatu, minne, kisha akaweka nyundo chini.

"Bi Chupa," akasema, "mimi nilikuwa nimemshika mkono. Nilijua si pombe, nilikuwa naye tangu aliposhuka, hakunywa hata maji. Uliponiambia mwache, nikamwachia. Niliogopa mdomo wako." Akafuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu. "Tangu arudi kutoka hospitali kila siku nataka nipande nimjulie hali, nafika ghorofa ya kwanza narudi."

Nilikuwa nimekwenda kutoa aibu yangu, nikakuta nilishamgawia mwingine ya kubeba.

Baba yako alisogeza viatu vya watu, akakaa kwenye benchi la wateja. Akasema, "Kuna chai?" Fundi akaruka. Akamimina kwenye kikombe kisicho na mkono, akaipoza kwa kuihamisha hamisha, akampa. Akamwambia, "Polepole, kaka."

Ilimchukua zaidi ya nusu saa. Alikuwa anapiga funda, anainamisha kidevu kama walivyomfundisha, anasubiri, halafu koo linapanda na kushuka. Mimi na fundi tulikuwa tunalitazama koo lake, na nilipomwangalia yule mtu pembeni nikaona kila baba yako akimeza, naye anameza. Mimi pia nilikuwa nameza. Alimaliza kikombe chote.

Anasema uje.

Shangazi yako